Mikono Ndani ya Kifuniko

Nianze na ugomvi kabisa, tumalizane. Mie si bubu. Tangu niko mdogo pale Temeke, wakati wa Mwingereza, watu wazima na watoto wao waliniita Bubu na wakadhani sijui. Nilikuwa najua vizuri sana. Neno hilo linafunga midomo mara mbili, bu halafu bu, na nimeliona likifunga midomo ya watu mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Bubu ni mtu asiye na la kusema. Mie nilikuwa nayo tele, na nilikuwa na mtu wa kumwambia. Mtu huyo alikuwa dada yangu.

Naambiwa nilizaliwa nikisikia. Nilipokuwa na miaka mitatu hivi nilishikwa na homa kali, na siku niliyoinuka kitandani nilipepesuka nikaangukia kinu cha mama. Homa iliondoka na masikio yangu, kinu kikaniachia kovu kwenye nyusi ya kushoto. Sauti sikumbuki hata moja. Watu hawaamini, wananitazama kwa huruma wakidhani nimeificha mahali, labda ya mama, labda ya jogoo. Hakuna, jamani. Kuandika nako nilifundishwa ukubwani, na mwalimu mmoja wa bara aliyepanga chumba kwetu. Lakini hayo ni ya baadaye sana. Wakati ninaousimulia, herufi kwangu zilikuwa michoro tu.

Dada alikuwa amenipita miaka minne. Hakuna aliyemfundisha kusema nami. Alianza siku moja kwa kupitisha kidole cha shahada juu ya nyusi yake ya kushoto, pale lilipo kovu langu, kisha akaninyooshea mkono. Basi nikapata jina. Lile nililopewa na baba kwa kisomo na ubani sijapata kulisikia; hili la kidole nililiona kila siku. Mama alikuwa mikono miwili inayopepeta ungo. Baba alikuwa mtu anayevuta ndevu ambazo, kusema kweli, hakuwa nazo nyingi. Yule Mzungu aliyekuwa akija kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi alikuwa kiganja kimelazwa kichwani, ndiyo kofia yake, halafu pua inabanwa, maana alikuwa akiogopa vyoo vyetu. Alikuwa akitokea tu mwanzo wa njia, dada anabana pua, mie nacheka mpaka napigwa kibao.

Ishara zikaongezeka. Kufikia wakati dada anavunja ungo tulikuwa na ya wivu, ya jana, ya wali ulioungua, ya mtu anayesema uongo huku anaapa. Habari zote za nyumba ile zilinifikia kwa mikono yake: nani amegombana na nani kisimani, nani ameachwa, kwa nini leo baba hataki kula. Wengine wote walikuwa na ishara tatu za kunipa: njoo, kula, toka. Mama naye alikuwa humohumo. Sasa simlaumu, lakini zamani nilimlaumu, tena sana.

Sauti ya kutoa nilikuwa nayo. Nilipoitoa, watoto walianguka chini kwa kucheka, na wageni waliokuja kumwona baba waligeuka shingo. Siku moja baba alinifumba mdomo kwa kiganja chake mbele ya watu barazani. Nikaifungia tangu siku ile. Aliyebaki akiijua ni dada peke yake. Yeye alikuwa akinishika mkono, anauweka kooni kwake anapoongea, nihisi mtetemo, halafu anauweka kooni kwangu ili nijaribu.

Kuchora nilianza kwa makaa, kwenye ukuta wa jiko. Nilichora mikono. Watu wakauliza mbona mikono, kwa nini nisichore mnazi au mashua kama wenzangu. Sikiliza. Mtu anayesikia anaweza kuzungumza na wewe huku anatazama kuku. Mie siwezi. Anayesema nami lazima nimkodolee macho mpaka amalize, na nikigeuka nimemkata kauli. Miaka yote hiyo nimekodolea mikono, nikajua kidole kinavyoanza kukunjika kabla hakijakunjika. Baba alikuwa ameniharamishia kuchora kiumbe mzima, nyuso hasa. Kwa mikono alisita, akaona si mtu, akaniacha.

Tatizo la mkono ni kwamba hautulii. Neno likiisha, mkono umeshaondoka. Kwa hiyo nilikuwa nikiuchora mara tatu, mmoja juu ya mwingine, wa kwanza umefifia, wa mwisho umekolea, ili anayetazama aone unakwenda. Fundi aliyeniajiri pale Chang'ombe, mtengeneza masanduku, alipouona mchoro wangu wa kwanza alihesabu vidole kimoja kimoja, akafika kumi na tano, akanitazama, akajishika kiuno akacheka. Mtu gani ana vidole kumi na tano? Lakini alinipa burashi. Nikawa napaka masanduku yake maua, nyota na mwezi, na majina ya wenyewe ambayo alikuwa ananiandikia kwenye ubao nami nikiyanakili bila kujua ni ya nani.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, ila kanga bado zilikuwa adimu, wakati dada alipoposwa. Tuliagana vibaya kidogo. Nilinuna. Nilimuuliza atakapokwenda kwa mumewe nani atasema nami. Mikono yake ililala mapajani, na mie mikono yake ikilala huwa naogopa. Halafu akaniambia nimtengenezee sanduku la nguo, na siku nitakapolileta nisiingie nalo kama ninaleta kuni. Kwetu mwenye kuleta kitu cha harusi anaingia kwa mbwembwe, anayumbisha kiuno na anapiga kelele za furaha. Alitaka na mie nipige. Nikamwambia watacheka. Akasema, "Wacheke. Hiyo ndiyo zawadi ninayoitaka, siku moja tu watu wote waisikie sauti yako." Nikamkubalia, kumbe nimeahidi kitu kizito kuliko mbao.

Akawekwa ndani. Wiki mbili bi harusi hatoki, anasingwa liwa na manjano, somo wake anamfunda, na mwanamume haruhusiwi kumwona hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Sie tukaiba. Chumba chake kilikuwa na kidirisha kilichotazama uani, na kila alasiri nilipopita mkono wake ulitokeza hapo, wa manjano kwa ile dawa ya kujipaka, ukaniambia mambo. Aliniambia somo anakoroma. Aliniambia amechoka kulishwa uji. Mkono mtupu, hakuna uso, nami nilielewa kila kitu.

Nikatengeneza sanduku. Fundi alinipa mbao za mvule zilizobaki, na ruhusa ya kufanya kazi yangu baada ya kumaliza yake, ndiyo sababu siku za mwisho nikawa nalala kulekule karakanani. Nje nilichora maua, kila mtu ayaone. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo atakayefungua ni yeye tu, nilichora maneno yetu. Mikono kumi na miwili, kila mmoja ukienda: mvua, wivu, mama, wali ulioungua, cheka. Katikati nikachora mkono unaopita juu ya nyusi. Jina langu. Huo ulinisumbua kuliko yote, nikaufuta mara mbili kwa msasa, kwa sababu nyusi bila uso haieleweki na uso nilikatazwa. Mwishowe nilichora nyusi peke yake, yenye kovu. Siku tatu nilikuwa juu ya mkono huo mmoja. Lengo langu lilikuwa kwamba akiwa kule kwa mumewe asije akasahau kusema nami. Nilikuwa naogopa hilo tu. Kingine sikukifikiria.

Kabla ya siku hizo tatu nilipita nyumbani mara moja. Kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa kanga. Nikajua somo ametukamata. Nilimwona mama akitoka na bakuli, uso umemshuka, nikasema harusi zinawachosha kinamama. Mie niliyekuwa nikijisifu kwamba nasoma nyuso! Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye rangi yangu kabla haijakauka. Hakuna aliyenishika bega akanieleza, kwa sababu kazi ya kunieleza ilikuwa ya dada tangu zamani, na dada alikuwa ndani.

Siku nilipomaliza nilifunga sanduku kwa ufunguo, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la shuka langu, nikajitwisha. Kutoka Chang'ombe mpaka kwetu ni mwendo, na jua lilikuwa limeshaanza kurudi. Nadhani mnajua mtu aliyejitwisha sanduku pana anavyoona. Haoni nyuso. Anaona kuanzia kifuani kwa watu kushuka chini. Nilipokaribia nyumbani nikaona mikeka imetandikwa mpaka nje. Nikaona masufuria makubwa ya kuazima juu ya mafiga, kuni zinawaka, mchele unapetwa. Nikaona miguu ya wanawake, wanawake tupu, hakuna kanzu hata moja. Udi nao ulikuwa ukinijia puani. Nikasema eh, wameiwahisha harusi! Wameiwahisha na hakuna aliyeniambia, kama kawaida yao.

Basi nikaingia kama nilivyoahidi. Niliyumbisha kiuno. Nilizunguka mara moja katikati ya mikeka na sanduku langu kichwani, nyayo zikipiga chini. Halafu nikafungua koo langu. Sijui sauti hiyo ilikuwaje, msiniulize. Najua ilitoka yote, miaka yote niliyoifungia, mpaka meno yakatetemeka. Nilipiga mara ya pili, nikageukia kidirisha ili dada anisikie vizuri.

Miguu yote ilikuwa imesimama. Mikono ikanipokonya sanduku kichwani, ndipo nikaona nyuso. Shangazi alikuwa amejishika kichwa. Bibi mmoja alinitazama mdomo wazi, kanga yake imefunga kiuno. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, si kwa hili, na sikuelewa. Kwa hiyo nikafanya nilichokuwa nikifanya maisha yangu yote kila watu wanapokuwa na nyuso nisizozielewa: nikamtafuta dada anieleze kumetokea nini.

Kidirisha kilikuwa wazi. Kanga imeondolewa. Nikasubiri mkono. Nikafanya ishara ya kuuliza, nikairudia, nimesimama pale mbele ya wanawake arobaini. Ndipo upepo ukageuka ukanipa harufu ya uani. Udi hauchagui, unafukizwa kwenye furaha na kwenye msiba. Kafuri inachagua. Nikaona kitanda cha kamba kimeegemezwa ukutani, miguu nje, na chini yake udongo umelowa. Nikajua wamemwosha nani.

Alikufa alfajiri, kwa homa. Baadaye sana nilikuja kujua kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda Chang'ombe kuniita. Wajomba walidhani binamu, binamu walidhani wajomba. Ndugu zangu hao! Wangemsahau mtu mwenye masikio? Nimezeeka, nimesamehe mengi, lakini nikifika hapo bado nasikia moto kifuani.

Nilikimbia makaburini nikakutana na wanaume wanarudi, udongo kwenye pindo za kanzu. Baba alikuwa mbele. Midomo yake ikaanza kwenda, maneno marefu, na sikupata hata moja. Nikaanza kumuuliza kwa mikono, niwekeeni hata neno moja, amesema nini, ameumwa lini. Baba akanishika mikono yote miwili akaibana kifuani kwake. Aliona ananihurumia. Masikini baba, hakujua kwamba kumshika kiziwi mikono ni kumziba mdomo. Alikuwa amenifumba kwa mara ya pili.

Siku arobaini sikusema na mtu. Sisemi hivi kwa kujipamba. Hapakuwa na mtu wa kusema naye. Asubuhi nilikwenda kazini, jioni nilikaa ukutani. Nilianza kusahau. Naona aibu kuandika hili: kufikia hitima ya arobaini nilijaribu kukumbuka ishara yetu ya "jana" na mkono wangu ukakwama njiani. Nikaelewa kwamba lugha ya watu wawili akifa mmoja hubaki nusu ya lugha, na nusu haizungumzi.

Sanduku lilikuwa limewekwa chumbani mwake, limefungwa vilevile. Kwa mchumba halikupelekwa, angelifanyia nini. Baada ya hitima, watu wameondoka, mama alikusanya kanga za dada, akaja kwangu akazungusha vidole hewani. Ufunguo. Nikaufungua kwenye pindo la shuka nikampa, nikamfuata.

Alipoinua kifuniko aliziweka kanga ndani bila kutazama juu. Kisha akatazama. Mama yangu alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa picha, sikutegemea kitu. Macho yake yalipita mvua, wivu, yakapita mikono yake mwenyewe inayopepeta ungo, yakafika katikati yakaganda. Akakaa chini. Akaunyoosha mkono wake mwenyewe, ule uliozoea mchi, akapitisha kidole cha shahada juu ya nyusi yake ya kushoto. Polepole, kama mtu mgonjwa. Akaurudia. Akaurudia tena, huku akinitazama, na kichwa anakitingisha kuuliza: hii ni nini?

Nilikikodolea kidole chake. Nilikuwa sijaelewa mama ameijulia wapi ishara hiyo, maana alivyoipitisha haikuwa kama nilivyoichora. Aliipitisha kama dada alivyokuwa akiipitisha, na kidole cha mwisho kikiinuka kidogo.

Mama akalala chini, pale sakafuni, akaniigizia. Alifumba macho. Alifungua mdomo, akagusa ulimi wake, akatingisha kichwa: ulimi ulikuwa umekufa, sauti hakuna. Aliinua vidole vitatu, siku tatu. Halafu kidole juu ya nyusi. Juu ya nyusi. Juu ya nyusi. Akaketi, akachukua kanga moja ya dada kutoka kwenye sanduku, akazungusha kwenye viganja vyake mwenyewe, akakaza fundo kwa meno. Ndivyo walivyomfanyia. Waliona homa imempanda kichwani, anajikuna uso, atajiumiza. Wakamfunga mikono.

Niliitazama mikono ya mama ndani ya ile kanga. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kumpiga mtu, Mungu anisamehe, na aliyekuwepo ni mama tu. Nikalifungua fundo. Nikakishika kidole chake cha shahada, nikakileta usoni kwangu, nikakipitisha juu ya kovu la kinu. Kisha nikajigonga kifua. Mie. Ni mie, mama.

Alielewa. Niliona jambo hilo likimwingia usoni, na sitaki kuichora sura hiyo, baba asingehitaji kunikataza. Akakirudisha kidole juu ya kovu langu akakiacha hapo, na machozi yake yakawa yananidondokea magotini. Tangu siku hiyo hakunifungia midomo mara mbili tena kwa neno lile, Bubu. Akitaka kuniita alinitafuta mpaka nimwone, akapitisha kidole, vibaya vibaya, na kila jioni aliinua kifuniko akajifunza mwingine. Miaka iliyofuata tulisema mengi.

Hili tu hatukulisema. Alijua, nami nilijua. Dada aliniita siku tatu, na siku zote tatu nilikuwa Chang'ombe nauchora mkono huohuo, naufuta, nauchora tena.